Uzi upo Istanbul, Till haipo: kupata maduka ya uzi ukiwa safarini, na kulipa bila kukwama

Ukiwa nyumbani hili si jambo la kuumiza kichwa. Uzi ukiisha sweta ikiwa imefika kwapani, unapigia muuzaji wako simu, anakuambia rangi ipo, unalipa kwa Till na boda anakuletea. Ukivuka mpaka, vitu viwili vinapotea kwa wakati mmoja: hujui duka liko wapi, na ile njia ya kulipa uliyozoea haiko ukutani. Hakuna Till, hakuna Paybill, na muuzaji hajawahi kusikia habari za wakala.

Wateja wetu wengi wanaofuma, wawe wa sindano mbili au wa krosheti, husafiri kwa shughuli nyingine kabisa. Uzi huja kama jambo la pembeni, la ile nusu siku iliyobaki. Ndiyo maana watu hukosea hapo, kwa sababu nusu siku haitoshi kujifunza mji. Kwa hivyo tutachukua mji mmoja tu na kuueleza vizuri. Tumechagua Istanbul, kwa sababu mbili. Uturuki ni mojawapo ya nchi zinazotengeneza uzi wa kufuma kwa wingi, na majina kama Alize, YarnArt, Himalaya na Nako ni ya huko. Pia Wakenya wengi tayari wanaenda, hasa wafanyabiashara wanaonunua nguo katika mtaa wa Laleli.

Tuchukue mfano. Fundi mmoja wa Nakuru amepewa oda na kwaya ya kanisa: kadigani 20 za rangi moja, ya zambarau iliyokolea. Kwaya imetoa nusu ya pesa. Dada yake anaenda Laleli kuchukua nguo za duka, naye akaamua kuandamana naye anunue uzi huko. Kadigani moja ya mtu mzima tuiwekee nusu kilo. Kadigani 20 ni kilo 10, na akiongeza kidogo kwa makosa na kwa yule mwimbaji mrefu wa besi, ni kilo 11. Ana siku moja tu ya uzi. Akirudi mikono mitupu, au akirudi na zambarau mbili tofauti, pesa ya kwaya anayo yeye na maelezo atatoa yeye.

Swali la kwanza tunalomuuliza, na tunakuuliza na wewe: kweli unahitaji kununua uzi huu nje? Kama ni sweta za shule, uzi wa akriliki wa kawaida, wa rangi ya bluu au maruni, tafadhali nunua hapa nyumbani. Utaupata tena wiki ijayo na mwaka ujao, na ukipungukiwa mpira mmoja hupandi ndege. Safari inalipa kwa uzi usiopatikana kirahisi kwetu: mchanganyiko wa sufu na akriliki, pamba laini ya watoto wachanga, uzi wa manyoya kama velveti, na rangi zisizo za kawaida. Fundi wetu anataka mchanganyiko wa sufu, basi aende.

Kulipata duka

Kosa la kawaida ni kufungua ramani ya simu na kuandika kwa Kiingereza. Utaletewa maduka machache ya watalii. Andika maneno ya wenyewe. Uzi wa kufumia ni "örgü ipi". Duka la vifungo, zipu, sindano na nyuzi huitwa "tuhafiye". Sufu ni "yün", pamba ni "pamuk". Sindano ya kufumia ni "şiş", inasomwa shish, na ndilo neno hilohilo la kijiti cha kuchomea mishikaki, kwa hivyo usishangae picha za nyama zikitokea. Ile ya krosheti ni "tığ". Mpira wa uzi ni "yumak". Andika "örgü ipi" pamoja na jina la mtaa, na ramani itafunguka.

Kuna pia tovuti ya wafumaji iitwayo Ravelry, iliyoanza mwaka 2007, ambayo ina orodha ya maduka ya uzi ya nchi nyingi, unatafuta kwa jina la mji. Ni nzuri, ila orodha za namna hiyo hujazwa na wafumaji wenyewe, na duka lililohama linaweza kubaki hapo miaka. Ukipata jina, lilinganishe na ramani na usome maoni ya miezi ya karibuni kabla ya kupanda tramu.

Kwa Istanbul, sehemu ya kuanzia ni Mahmutpaşa. Hii ni barabara ya mteremko inayotoka kwenye soko kuu la kale lililoezekwa, Kapalıçarşı, na kushuka hadi Eminönü karibu na bahari. Ukitoka Laleli unaweza kutembea au kupanda tramu ya T1 hadi kituo cha Beyazıt-Kapalıçarşı, ukate katikati ya soko, utokee mlango wa Mahmutpaşa na uanze kuteremka. Tunasema uanzie juu kwa sababu moja tu: ukimaliza utakuwa na mzigo, na mzigo unashuka mteremko vizuri kuliko unavyopanda. Chini Eminönü kuna tramu hiyohiyo ya kukurudisha.

Katika mteremko huo kuna jengo liitwalo Kürkçü Han, ambalo wafumaji wa Istanbul wanalijua sana. "Han" zilikuwa nyumba za wafanyabiashara wa zamani: ua katikati, vyumba vya maduka kuzunguka, ghorofa moja au mbili juu. Hii ilijengwa karne ya 15, na jina lake linatokana na mafundi wa ngozi za manyoya. Siku hizi ni uzi. Kwa nje unaona lango la kawaida tu, watu wengine hulipita mara tatu. Ingia. Na usiishie maduka ya ua wa chini, panda ngazi pia. Yeyote aliyezunguka maduka ya juu ya River Road anajua kwamba bei hubadilika ukipanda ghorofa, na si Nairobi peke yake.

Kapalıçarşı hufungwa Jumapili, na maduka mengi ya jirani hufuata hivyo. Sikukuu za Idi ndiyo kabisa. Ijumaa saa ya swala ya adhuhuri duka dogo linaweza kuwa na kiti kimewekwa mlangoni, maana yake mwenyewe anarudi. Kama una siku moja tu kama fundi wetu, usiiweke Jumapili.

Lugha isikutie hofu. Ukiingia sema "kolay gelsin", maneno anayoambiwa mtu aliye kazini, karibu sawa na pole na kazi yetu. Atakujibu kwa uchangamfu. Atakuita "abla", yaani dada mkubwa, hata kama kakuzidi umri, na wewe ukimwita mwanamume "abi", kaka, hujakosea. Baadaye utagundua maneno kadhaa ni ndugu na yetu: duka ni "dükkân", rangi ni "renk", hesabu ni "hesap", na pesa taslimu ni "nakit", kama nakidi. Hilo la mwisho litakufaa muda si mrefu.

Soma karatasi kabla ya kutoa pesa

Hapa tukae kidogo, kwa sababu pesa nyingi hupotelea hapa kuliko kwa wezi.

Kila mpira una karatasi iliyozungushiwa. Kwanza tafuta mchanganyiko. Waturuki huandika alama ya asilimia mbele ya namba, hivyo "%49 Yün %51 Akrilik" ni sufu asilimia 49 na akriliki 51. Huo ndio mchanganyiko wa Alize Lanagold, uzi unaojulikana sana, mpira wa gramu 100 wenye mita 240. Tazama pia mita, si uzito peke yake. Mipira miwili ya gramu 100 inaweza kuwa na mita 240 na mita 400, na ya pili ni uzi mwembamba, utafuma siku mbili zaidi na sindano nyingine.

Kisha kuna namba mbili za rangi. Ya kwanza ni namba ya rangi yenyewe, "renk". Ya pili ni "lot". Loti ni ule mpigo mmoja wa kutia rangi: uzi uliochovywa kwenye pipa moja kwa wakati mmoja. Kiwanda kikitia zambarau leo na kingine mwezi ujao, namba ya rangi ni ileile lakini loti ni tofauti, na macho yanaweza kuona tofauti. Ndani ya duka lenye taa za kizungu hutaiona. Utaiona kanisani, jua likipiga dirishani, waimbaji wamesimama mstari mmoja na wa tatu kutoka kushoto amevaa zambarau ya ndugu wa kambo.

Uzi wa aina hii huuzwa mara nyingi kwa paketi ya mipira 5 ya gramu 100, yaani nusu kilo, ambayo kwa fundi wetu ni kadigani moja. Anahitaji paketi 22. Duka moja linaweza kuwa na 22 za rangi hiyo lakini za loti tatu. Asikubali kuchanganyiwa kimyakimya. Amwonyeshe muuzaji neno "lot" kwenye karatasi, aonyeshe kidole kimoja, na muuzaji ataelewa. Kama loti moja haitoshi, kuna njia mbili za heshima. Atafute rangi nyingine yenye loti kamili, au achukue loti mbili na kuzitenga: loti moja kwa sauti za wanawake, nyingine kwa wanaume, wasimame pande mbili. Asichoweza kufanya ni kusema ataagiza zilizobaki akifika nyumbani. Loti ikiisha imeisha.

Ukitiliwa shaka kwamba sufu si sufu, omba kipande kidogo cha uzi, nenda nacho hotelini, kichome juu ya sinki. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika kwa vidole. Akriliki huyeyuka na kuganda kama tone gumu la plastiki. Usichome dukani, tafadhali. Duka la uzi ni duka la petroli lenye rangi nzuri.

Sasa kulipa

Fundi wetu amepata zambarau, loti moja, paketi 22. Muuzaji anapiga hesabu, anageuza kikokotoo amwonyeshe. Anauliza "nakit mi, kart mı?" Taslimu au kadi. Hapa ndipo watu wengi wanaotegemea pesa za simu hukwama, na tunaona ni kosa letu pia kwa kutolieleza vya kutosha.

Kadi ya mtandaoni unayoifungua kupitia akaunti yako ya simu ni kadi kweli: ina namba 16, tarehe ya mwisho, na tarakimu tatu za usalama. Lakini imetengenezwa kwa malipo ya mtandaoni, mahali unapoandika namba kwenye tovuti. Haina plastiki ya kuchomeka wala kugusisha kwenye mashine ya kadi pale kaunta. Muuzaji wa Kürkçü Han atashika mashine yake na wewe utamwonyesha simu yenye namba, mtatazamana. Wengine hufikiria kumsomea muuzaji namba aandike mahali. Usifanye hivyo hata kama anaonekana mtu mwema. Ukishatoa namba na tarakimu tatu, umetoa kadi.

Kwa hivyo kwa duka la kuingia kwa miguu, jipange na mojawapo ya hizi kabla ya kutoka Kenya.

Ya kwanza ni taslimu. Shilingi yetu si pesa ya kutegemea kubadilisha kule, beba dola au yuro, noti safi zisizochanika. Badilisha kidogo tu uwanja wa ndege, ya kukufikisha mjini, halafu iliyobaki badilisha mjini kwenye maduka yaliyoandikwa "döviz". Yako mengi karibu na Kapalıçarşı, na kwa sababu yanashindana, bei yao huwa bora kuliko ya uwanja wa ndege. Tazama namba mbili ubaoni: ya kununua na ya kuuza. Wewe unawauzia dola, kwa hivyo utapewa ile ndogo. Uliza utapata lira ngapi mkononi kabla ya kutoa noti. Noti kubwa kabisa ya lira ni 200, basi usishtuke ukipewa bunda, hujawa tajiri.

Taslimu ina faida nyingine: wauzaji wengi wa masoko hayo hupunguza bei ukilipa nakit. Uliza bei zote mbili.

Ya pili ni kadi ya plastiki ya benki, yako. Hamisha pesa kutoka kwenye akaunti ya simu kwenda benki kabla ya safari, si ukiwa umesimama kaunta mtandao ukizunguka. Waambie benki unaenda Uturuki, wengine hufunga kadi wakiona matumizi ya nchi ngeni. Na sasa sikiliza hili kwa makini. Ukichomeka kadi, mashine inaweza kukuuliza: ulipe kwa lira, au kwa shilingi za Kenya? Mtu huona KES na moyo unatulia, anabonyeza. Hapo umekubali mwenye mashine akubadilishie pesa kwa bei anayoitaka yeye, na mara nyingi ni mbaya.

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, paketi 22 ni lira 8,800 na lira moja ni shilingi 3. Hiyo ni shilingi 26,400. Mashine ikiongeza asilimia 6 kwenye kubadilisha, utakatwa 27,984. Tofauti ni 1,584, umelipa kwa kubonyeza kitufe cha lugha ya nyumbani. Chagua lira kila mara. Benki yako itakuwa na ada yake ya kubadilisha, uliza ni kiasi gani kabla ya safari, lakini kwa kawaida inauma kidogo. ATM nazo huuliza swali hilohilo, jibu ni hilohilo. Na kama muuzaji ndiye anayebonyeza kwa niaba yako, angalia risiti imeandikwa TRY kabla ya kuweka PIN.

Ya tatu ni mtu wa nyumbani kukutumia. Huduma nyingi za simu Kenya zinaweza kutuma pesa nje, zikaingia benki au zikachukuliwa kwa wakala wa kampuni ya kimataifa ya kutuma pesa. Hii ni ya dharura, na ina mtego mmoja: jina. Wakala wa Istanbul ataangalia pasipoti. Kama mumeo amekutuma kwa jina la Mama Brayo, au ameandika majina mawili wakati pasipoti ina matatu, utasimama hapo hadi jioni. Tuma picha ya ukurasa wa pasipoti nyumbani kabla ya kuondoka, ili anayetuma anakili herufi kwa herufi. Mwambie pia asitume picha ya risiti yenye namba ya kuchukulia kwenye grupu la familia.

Tusisahau laini. Watu wakifika hununua laini ya huko kwa ajili ya data, wanatoa ya Kenya na kuitia kwenye pochi. Halafu wanataka kuingia kwenye akaunti, ujumbe wa uthibitisho unatumwa kwa laini iliyo kwenye pochi. Kama simu yako ina nafasi mbili, acha ya Kenya ndani. Washa roming kabla ya kuondoka, wakati bado unaweza kupiga huduma kwa wateja bila gharama, na uulize ada za kupokea SMS. Zima data ya roming kwenye laini hiyo, ubaki na SMS tu. Menyu ya kubonyeza nyota na reli usiitegemee sana ukiwa nje, weka programu yetu kwenye simu na uijaribu ukiwa bado sebuleni kwako.

Yule wa WhatsApp

Kuna wale watakaosema, ya nini kusafiri, kuna kijana anayeishi Istanbul anatuma uzi Nairobi. Wapo mawakala wa kweli, wanafanya kazi nzuri na wengi wamewasaidia mafundi wetu. Wapo pia wasio wakweli, na dalili zao ni zilezile. Picha ni za kiwanda, si za dukani. Bei ni nusu ya wengine. Ana haraka, kontena linafungwa leo saa kumi. Na namba ya kulipia ni ya Kenya, ya jina ambalo silo lake: "ni la binamu yangu anayenikusanyia."

Pesa ikishatumwa kwa hiari yako na kutolewa kwa wakala, kurejesha ni vigumu sana, kwa sababu hakuna kilichokosewa kwenye mfumo. Wewe ndiye uliyeweka PIN. Ombi la kurejesha pesa husaidia zaidi uliyekosea namba, na hata huyo lazima awahi kabla haijatolewa. Mjaribu wakala kwa paketi moja kwanza. Mwambie akupigie video akiwa ndani ya duka na asome namba ya loti ya paketi uliyochagua wewe, si aliyochagua yeye. Aliyeko Mahmutpaşa kweli atafanya hivyo kwa dakika mbili. Aliyeko Umoja atakuwa na shida ya mtandao. Na ikiwa ni pesa ya watu, kama ya kwaya, usiitoe yote kabla mzigo wa kwanza haujafika mkononi.

Miji mingine kwa haraka

Usibebe mpango wa Istanbul kila mahali. Uingereza ni kinyume chake: maduka mengi yanapenda kadi, mengine hayapokei taslimu kabisa, kwa hivyo mtu aliyebeba noti peke yake anaweza kukataliwa. Huko uzi wa sufu ndio wa kutafuta, na kuna sehemu kama Lerwick, visiwa vya Shetland, ambako Jamieson & Smith wananunua sufu ya kondoo wa visiwa hivyo na kuuza uzi wake. Bei si ya kwaya. Nunua mipira miwili ya skafu ya mama yako.

Kampala na Dar es Salaam ni rahisi zaidi kwa mteja wa simu, maana wauzaji wenyewe wanatumia pesa za simu, na kutuma kwa laini ya Uganda au Tanzania kutoka Kenya kunawezekana kwenye huduma nyingi. Angalia ada na kiwango cha kubadilisha kinachoonyeshwa kabla ya kuweka PIN, na soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa si la mwenye duka, uliza kwanza.

Mizigo, na baada ya safari

Kilo 11 zinaingia kwenye begi la kilo 23 bila shida ya mizani. Shida ni nafasi, kwa sababu uzi umejaa hewa. Mifuko ya plastiki ya kufyonza hewa inapunguza sana, na uzi hauharibiki kwa siku chache za kubanwa. Sindano weka kwenye begi la chini ya ndege, si la mkononi, usije ukabishana na walinzi wa uwanja.

Paketi 22 za rangi moja hazionekani kama zawadi. Ni bidhaa za biashara, na forodha wanaweza kudai ushuru. Uliza KRA kabla ya kusafiri, weka makisio ya ushuru ndani ya bei uliyoipa kwaya, na utunze risiti za duka. Muuzaji akikuambia hana risiti, kaa hapohapo hadi ipatikane. Bila risiti, thamani ya mzigo wako itakadiriwa na mtu mwingine.

Mwisho, kabla ya kutupa mifuko, piga picha karatasi moja ya kila uzi ulionunua: jina, renk, lot, mita. Piga pia picha ya kadi ya duka. Bei iliyoandikwa hapo usiitegemee kwa muda mrefu, kwani lira imekuwa ikishuka na bei kupanda kwa kasi. Oktoba 2022 mfumuko wa bei rasmi wa Uturuki ulipita asilimia 80. Lakini jina na namba ya rangi hubaki. Oda nyingine ikija, ya rangi mpya ambapo loti ya zamani haikuhusu, tafuta kama duka lina tovuti yake. Hapo ile kadi ya mtandaoni iliyokuangusha kaunta inafanya kazi yake. Angalia anwani ya tovuti herufi kwa herufi, weka kwenye kadi kiasi unachotumia tu, chagua kulipa kwa lira, na uulize gharama ya kusafirisha hadi Kenya kabla ya kulipa, maana kwa uzi mzito mara nyingine usafiri ndio unaozidi uzi wenyewe.